Tunajua Mwisho Kabla ya Mwanzo

Wengi wetu tumekwisha kuingia katika nyumba ya video. Tunaijua: kibanda cha mbao, bati juu, jenereta inanguruma nje, na ndani vijana wamebanana kwenye mabenchi. Sisi tuliokaa na vijana wa Kanyabayonga, mji ule wa mlimani katika njia kubwa ya Goma na Butembo, tuliona jambo moja. Filamu ikianza tu, watoto wanataja nani atakufa na nani atabaki. Wala hawakosei.

Malalamiko haya si ya huku kwetu peke yake. Mwaka 2019 Martin Scorsese, mtengenezaji mashuhuri wa filamu huko Marekani, alisema kwamba filamu za Marvel kwake si sinema. Akazilinganisha na viwanja vya bembea na mashine za kuchezea. Wengi walimkasirikia. Lakini sababu yaonekana wazi, nayo ni fedha. Filamu moja ya namna hiyo hugharimu mamilioni mengi ya dola, na mwenye kutoa mali nyingi hivyo hapendi kubahatisha: hurudia kilicholipa jana. Mchezo wa mpira wa kwenye video ni vivyo hivyo. Ulitoka mwaka 1993 kwa jina la FIFA, ukawa unatoka kila mwaka, na mwaka 2023 ukaitwa EA Sports FC. Jina jipya, mpira ule ule. (Heri mchezo, maana huko mtoto anashindana na jirani yake, na jirani ana hila zake.)

Hata hivyo tusihukumu upesi. Kujua mwisho si kosa. Hadithi za sungura na fisi watoto walizijua zote, na mama mzee akiruka neno motoni walimrudisha. Zamani za Wabelgiji, katika miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst alitengeneza huko Kasai filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili, mmoja mnene, mwingine mwembamba. Funzo lake lilionekana toka mbali kama kanisa juu ya kilima. Lakini watu walicheka, kwa kuwa waliona njia kama zao, nyumba kama zao, na ujinga kama wa jirani yao.

Basi tofauti iko wapi? Mama mzee alikuwa anatutazama. Kama siku ile mtu wa kijiji alikula peke yake, fisi wa jioni alikuwa na tabia ile ile, na sote tulijua ni nani. Filamu inayotakiwa kuuzwa Beijing, Paris na Butembo kwa sura moja haiwezi kumtazama mtu. Huondoa kila kitu cha mahali pamoja. Hubaki ngumi na moto, ambavyo havihitaji mfasiri. Ndiyo maana Uganda na Tanzania walitokea watu, kama Lufufu wa Tanzania, wanaosema juu ya filamu za kigeni kwa lugha ya watazamaji, wakitia mzaha na maneno ya mtaani. Tunawasifu. Wameona pengo, wakaliziba kwa mdomo.

Kwetu jambo hili si la mchezo. Tarehe 28 Juni 2024 waasi wa M23 waliteka Kanyabayonga, na watu wengi walikimbilia upande wa Lubero na Butembo. Katika filamu, shujaa mmoja hufika dakika ya mwisho, na vita vinakwisha. Njiani hatukumwona. Kijana aliyelishwa hadithi moja tu, atayasema kwa maneno gani yaliyompata?

Baadaye, huko Butembo, tuliwaomba watoto fulani watusimulie kitu. Mmoja akaanza filamu ya bastola. Wenzake wakammalizia, wakapiga miayo. Akanyamaza kidogo. Kisha akaanza habari ya mbuzi wao, aliyekataa kuvuka mto siku ya kukimbia, na baba akimvuta kamba, na watu nyuma wakipiga kelele. Benchi lote likatulia.

“Akavuka?” akauliza mmoja.

“Ngoja kwanza,” akasema yule mtoto.