Folda yangu ya "final" ilimfanya shosho wa watu aonekane mdeni

Wasee, leo sina ushauri wa kujionyesha. Leo naungama.

Hapa Yamumbi, mamangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama. Nilimtengenezea programu ya kurekodi michango ili aachane na daftari. Iko kwa laptopu yangu tu, inafunguka kwa kivinjari. Jumapili moja nikasoma orodha ya wenye deni mbele ya kila mtu. Shosho mmoja akaniangalia, akasema polepole, "Kijana wangu, hiyo mia tano nililipa."

Nikamjibu, "Shosho, kompyuta inasema bado."

Mama, ambaye nilidhani ameshaacha daftari, akalitoa kwa kikapu. Jina liko, tarehe iko, sahihi iko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Usiku nikaingia kwa kodi. Nilikuwa nimeamua kosa liko kwa hesabu, basi nikarekebisha hesabu. Nikafungua ukurasa upya. Hakuna kilichobadilika. Nikarekebisha tena. Wapi! Saa tatu zikaisha hivyo.

Mwishowe nikaandika KUKU kwa kichwa cha ukurasa. Nikafungua upya. Kuku hakuna. Hapo ndipo nikashtuka: faili ninayoandika siyo inayofanya kazi. Kwa terminali nikaandika pwd, amri inayokuonyesha uko folda gani. Ikajibu "chama_final". Lakini faili niliyofungua kwa VS Code ilikuwa ndani ya "chama".

Kumbe wiki mbili nyuma nilinakili folda nzima kabla ya kugusa hesabu za faini, ati kwa usalama. Kila folda ikabaki na hifadhidata yake. Siku nyingine niliwasha programu kutoka hii, siku nyingine kutoka ile. Malipo yakagawanyika. Mia tano ya shosho ilikuwa salama kabisa, ila kwa folda ambayo sikuifungua Jumapili. Ilibidi nikae na daftari la mama, nilinganishe mstari kwa mstari, hadi malipo yote yakakaa pamoja.

Sisi tuliojifunza kodi kwa video za YouTube tunajua kuandika, lakini kutunza faili hatukufunzwa. Tunajaza final, final2, final_kabisa. Linus Torvalds alianzisha Git mwaka 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia BitKeeper bure. Git ni bure, na kwa laptopu yako haihitaji bando. Folda inabaki moja. Kila badiliko linaandikwa nani alifanya, lini, na kwa nini. Ukitaka kujaribu kitu unafungua tawi, hunakili folda.

Ukiangalia vizuri, daftari la mama ni hivyo hivyo. Liko moja. Akikosea anapiga mstari juu ya kosa, anaandika upya kando, anatia sahihi. Hakuna ukurasa unaong'olewa.

Sasa kodi yangu iko kwa Git. Hifadhidata nimeitoa nje, mahali pamoja, na nakala yake iko kwa flashi ikiwa na tarehe. Jumapili iliyofuata niliomba shosho msamaha pale pale mbele ya wote, kwa sababu deni nilimsomea mbele ya wote. Akacheka, akaniuliza kama kompyuta imekubali sasa.

Daftari bado liko kwa kikapu, na sijamwambia mama aliache.

Wewe una folda ngapi za "final"? Leo, kabla hujalala, hebu zifungue.