Ringi ya Baba

Spoki iliyokazwa sawasawa hulia. Fundi wetu wa Msambweni aliipiga kwa ukucha wa kidole gumba, akainamisha kichwa kama mtu anayetega sikio kwa adhana ya mbali, kisha akahamia ya pili. Ikilia nzito, imelegea. Ikilia nyembamba, imekazwa kupita kiasi. Alilizunguka gurudumu zima hivyo, spoki kwa spoki, kabla hata hajaugusa ufunguo wake. Sisi watoto tulimwita Babu Fundi, na kibanda chake kilikuwa ni kivuli cha mwarobaini, gunia la vyuma na pampu ya miguu iliyofungwa kamba mahali ilipovunjika.

Baba alikuwa na baiskeli ya Black Mamba. Aliinunua kwa mshahara wa kiwanda cha sukari cha Ramisi, na alfajiri aliondoka nayo akiwa na taa ya dinamo inayofifia kila anapopunguza mwendo. Gurudumu la mbele lilikuwa na spoki 32, la nyuma 40. Nilipomuuliza kwa nini hazilingani, alinipandisha kwenye keria, akaniambia niangalie ni gurudumu lipi limenibeba. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake yote, na ni sahihi mpaka leo: mzigo hukaa nyuma, na nyuma ndiko spoki hukatika.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1988. Nilikuwa darasa la sita. Wanaume waliokuwa wakipishana na baba kila alfajiri kwenye barabara ya Ramisi walibaki na baiskeli bila pa kwenda nazo, na wengi waliziuza. Baba hakuiuza yake. Aliigeuza ya kubebea nazi, magunia mawili kwa safari moja, kutoka mashamba ya ndani mpaka Ukunda. Haikupita miezi mingi gurudumu la nyuma likaingia shimo na mzigo wote juu yake. Alirudi jioni akiisukuma, ringi imejikunja kama jani la mnazi lililoachwa juani.

Babu Fundi hakusema atainyoosha. Aliishika, akaizungusha mara moja, akasema, "Hii ringi imekwisha. Habu ni nzima. Lete ringi, nisuke upya."

Kusuka, ndilo neno alilotumia, na mimi niliyekulia kwenye mkeka wa ukili wa mama nililielewa mara moja. Alizipitisha spoki kwenye matundu ya habu, moja ikiingilia ndani, jirani yake ikiingilia nje. Kila moja akaitegea njia ya kukatiza nyingine tatu kabla ya kufika kwenye ringi, na ile ya tatu akaipitisha chini yake ili zikabane. Mara ya kwanza zote zililegea, gurudumu likining'inia kama wavu. Kisha akazianza nipeli, zile nati ndogo za kukazia spoki kwenye ringi, zote mpaka kipimo kimoja cha uzi, halafu nusu mzunguko, halafu nusu tena, bila haraka. Alipohisi gurudumu limeanza kusimama, aliigeuza baiskeli miguu juu, akalitia gurudumu mahali pake, akashika chaki karibu na ringi na kuizungusha. Palipoguswa na chaki ndipo palipokwenda upande.

"Ukikaza ya kulia, legeza ya kushoto," aliniambia. "Ukikaza tu, utaivuta ringi iwe yai."

Mwisho alizikamata spoki mbili mbili, akazibana kwa viganja kwa nguvu zake zote, nazo zikatoa mlio mkavu, ti, ti, ti. Nilidhani anazijaribu kama zitakatika. Miaka mingi baadaye nilikisoma kitabu cha mhandisi Jobst Brandt, The Bicycle Wheel, kilichotoka mwaka 1981, nikakuta sababu. Kwenye shingo ya spoki, pale inapopinda kuingia kwenye habu, chuma hubaki na mkazo kilioupata kilipopindwa, na kwenye mkazo huo ndipo ufa huanza. Ukizibana spoki kwa nguvu, unaipitishia shingo mkazo mkubwa kuliko itakaoupata njiani, nayo hukaa sawa. Brandt alilieleza hilo kitabuni. Babu Fundi alikuwa akilifanya chini ya mwarobaini, na sijui kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Aliona nimesimama tangu asubuhi. Akaniambia nije kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza alinifundisha kupanga spoki kwenye habu kuukuu isiyo na ringi, niipange na kuipangua mpaka mkono uzoee. Ya pili alinipa ufunguo. Nilipoondoka alisema, "Jumamosi ijayo, sikio." Jumamosi hiyo kulikuwa na mechi Gazi na timu yetu ilikuwa na upungufu wa wachezaji. Iliyofuata nikaona haya kwa kutokwenda ile ya kwanza. Kisha mitihani, kisha bweni huko Kwale, na kila likizo nilipopita chini ya mwarobaini nilimwamkia na kupita. Hakuwahi kunikumbusha. Alifariki nikiwa kazini Nairobi.

Gurudumu alilolisuka siku ile lilimbeba baba zaidi ya miaka ishirini. Lilichomolewa mara kwa mara kwa pancha, likatiwa grisi mpya na gololi mpya, lakini sikumbuki likipelekwa kunyooshwa. Baba alipotutoka mwaka 2009, ndugu tuligawana vichache, na Black Mamba ilikuwa imeegemea ukuta wa nyuma, tairi zimekauka, fremu imeliwa na kutu karibu na pedeli. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipita na mkokoteni na mizani ya kuning'iniza. Mimi ndiye niliyemwita. Mimi ndiye niliyepokea pesa. Alilipa kwa kilo, akaiweka juu ya mabati na sufuria zilizotoboka, na gurudumu la nyuma likabaki likizunguka polepole hewani alipokuwa akisukuma kuelekea barabarani. Lilizunguka bila kuyumba. Nililiona hilo kwa macho yangu na bado nikamwacha aende.

Sasa nimerudi kuishi pwani, na nina baiskeli ya milimani, ya mtumba, fremu ya aluminiamu, magurudumu ya inchi 29. Naipanda kwenye mchanga wa njia za nyuma ya Kinondo, kwenye mikoko ya Gazi maji yakishatoka, na nikiwa na nguvu naupanda udongo mwekundu wa Lukore na Majimboni mpaka vilima vya Shimba. Mwaka jana ringi ya nyuma ilianza kupasuka kwenye matundu ya nipeli, nyufa nyembamba kama unywele. Nilizunguka Ukunda kutafuta mtu wa kuisuka. Vivuli vya mafundi bado vipo, ila chini yake kuna pikipiki. Kijana mmoja aliitazama kwa makini na heshima, akanirudishia. "Mzee, baiskeli hatusuki tena. Agiza jozi nzima." Hakukosea. Pikipiki zinamlisha, na wa kusukiwa gurudumu la baiskeli atamletea kazi moja kwa mwezi.

Basi nikaanza kuchagua, na hapo niligundua kwamba mambo mengi ya kuchagulia nilikuwa nimekwisha kufundishwa.

La kwanza ni chumvi. Magurudumu mepesi ya siku hizi huja na nipeli za aluminiamu, na watu wa nchi kavu huzisifu kwa uzito. Huku kwetu upepo wa kusi huleta chumvi mpaka ndani ya nyumba. Chuma cha spoki na aluminiamu ya nipeli vikikutana na unyevu wa chumvi, aluminiamu huliwa na kujiganda kwenye uzi. Siku ukitaka kukaza, nipeli husagika kwenye ufunguo au spoki hujisokota. Nilichagua za shaba, zenye uzito kidogo zaidi, ili gurudumu liendelee kurekebishika. Kwa sababu hiyo hiyo nilitaka spoki za shingo iliyopinda, milimita 2, 32 mbele na 32 nyuma. Zile zilizonyooka ni nzuri kutazama, lakini ikikatika moja utaisubiri kutoka ng'ambo. Ya shingo iliyopinda ukiipata kwa urefu unaofaa, unairudishia siku hiyo hiyo.

Habu nilichukua ya Shimano, kwa sababu bado inatengenezwa kwa gololi na koni. Nyingi nyingine zina beringi zilizofungwa, unazing'oa na kutia mpya. Habu ya gololi mtu anaweza kuifungua kibarazani, akaiosha kwa mafuta ya taa, akatia grisi na kukaza koni mpaka gurudumu lizunguke bila kucheza. Hilo baba alilifanya mwenyewe kila baada ya masika, na mimi ndiye niliyeshika kisahani cha gololi zisimwagike.

Lakini sikupima. Siku za Black Mamba nafasi ya nyuma ya fremu ilikuwa jambo la kubishana nalo kwa mikono: habu ikizidi kidogo, Babu Fundi alikanyaga upande mmoja wa fremu, akavuta wa pili, chuma kikasikia. Leo kuna habu za nyuma za milimita 135, za 142 na za 148, na ile ya mwisho ilitanuliwa makusudi ili mashavu ya habu yakae mbali zaidi, milimita tatu kila upande, spoki zipate mlalo mpana na gurudumu kubwa la 29 lisiyumbe. Ni fikra nzuri kabisa ya kifundi. Nilisoma sifa zake nikaagiza ya 148, na fremu yangu ni ya 142. Sanduku lilishushwa kutoka kwenye basi Ukunda, nikalifungua nyumbani kwa furaha, na gurudumu likagoma kuingia. Milimita 6. Aluminiamu haitanuliwi, ukiilazimisha inapasuka, leo au siku nyingine ukiwa mteremkoni. Nililirudisha gurudumu kwenye sanduku lake na kungoja jozi nyingine wiki kadhaa, mvua ikinyesha na baiskeli imening'inia bila miguu. Kosa lilikuwa langu peke yangu. Rula ya shule ya mwanangu ilikuwa mezani muda wote.

Jozi ya pili ilipofika nilikaa nayo kibarazani kabla ya kuifunga. Kwenye kibandiko cha ringi paliandikwa 622. Hicho ni kipenyo cha mahali tairi inapokaa, kwa milimita, na ndicho kipimo cha kweli, kwa kuwa inchi zinazotajwa madukani zinahesabu na unene wa tairi. Nikatafuta kipimo cha ile ya zamani, 28 kwa 1½, iliyoandikwa kwenye tairi za Black Mamba. Ni 635. Ringi ya baba ilikuwa kubwa kuliko hii inayoitwa 29, kwa milimita 13. Kinachofanya ya leo ionekane kubwa ni unene wa tairi lake. Nilikaa na namba hizo mbili mkononi muda mrefu. Laiti ningekuwa na ile ringi ukutani, ningeziweka moja juu ya nyingine.

Kuifunga jozi hakukuwa kugumu. Kaseti ilihama kwa funguo zake, diski zikapata mahali, breki nikazisogeza mpaka zikaacha kukwaruza. Tairi nilizitia bila tyubu: utepe ndani ya ringi, dawa nyeupe ya kuziba, kisha upepo. Pampu ya mkono haikuweza kulikalisha tairi, nikaenda nalo kituo cha mafuta, na upepo wa mashine ukalisukuma likaingia ukingoni kwa vishindo viwili. Tangu hapo miiba ya migunga njia ya Kinango imenichoma mara kadhaa na dawa imeziba nikiwa safarini. Baba angelipenda hilo. Nakumbuka pancha tatu za siku moja, na yeye akikata viraka kutoka tyubu ya lori.

Magurudumu yanayosukwa kwa mashine hutulia baada ya safari za mwanzo, na spoki nyingine hulegea. Jana jioni nilisikia la nyuma likitoa sauti kwenye mteremko wa kutoka Kwale kuja Kombani. Leo nimeigeuza baiskeli miguu juu. Nimeshika chaki, na chaki imegusa mahali pamoja. Najua ufunguo unazungushwa upande gani. Najua pia, kutoka kitabuni, kwamba nyuma upande wa kaseti spoki hukazwa zaidi kuliko upande wa diski, kwa hiyo za kulia zitalia nyembamba na za kushoto nzito, na lazima kila moja ilinganishwe na za upande wake.

Nimezipiga zote kwa ukucha, mara mbili. Zinalia. Nasikia kwamba hazifanani, lakini sijui ni ipi kati yake iliyo sawa ya kufuatwa na wenzake, na ni kwa kiasi gani. Babu Fundi alijua. Lilikuwa somo la Jumamosi ya tatu.