Picha ya Msafara

Kuna watu wanaodhani kwamba kuchora ni kazi ya waliojaliwa peke yao, na kwamba mtu asiyeishi kwa kuuza picha hana haki ya kushika kalamu mbele za watu. Mimi sikubaliani nao. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa karani wa reli hapa Tabora, mahali ambapo njia ya Mwanza huachana na njia ya Kigoma, na miaka yote hiyo nilichora nyuma ya hati za mizigo zilizokwisha kazi: vichwa vya treni, wachuuzi wa asali, abiria waliolala juu ya mizigo yao wakingoja treni iliyochelewa. Sikuuza hata picha moja. Walakini, mtu anayechora peke yake kwa muda mrefu hupatwa na maradhi fulani, nayo ni kuzipenda picha zake kupita kiasi. Hana wa kumwambia kwamba mkono umekuwa mrefu kuliko mguu.

Ndiyo maana nashukuru kwamba katika uzee wangu nimepata wenzangu wa kuchora nao. Hatuna chama, hatuna katiba wala mweka hazina. Tunakutana tu Jumamosi alasiri, chini ya mwembe, katika ua wa mama mmoja mtu mzima huko Ng'ambo, ambaye sote tunamwita Bibi. Yupo fundi aliyekuwa akiandika mabango ya maduka kwa brashi, kabla mabango ya kuchapwa kwa mashine hayajamwondolea riziki. Yupo muuguzi. Yupo binti wa sekondari, mwenye mkono mwepesi na maneno machache. Na yupo kijana wa bodaboda, ambaye kwa hakika ametuzidi sote kipaji, na huchora kwa kidole juu ya simu iliyopasuka kioo.

Desturi yetu ni moja. Kila mmoja huleta alichochora wiki hiyo, kinazungushwa mkono kwa mkono, na mwenyewe hana ruhusa ya kusema neno mpaka kimemfikia tena. Hii ni adhabu kubwa kwa mtu anayependa kujieleza, na mimi ni mmojawapo.

Hapo mwanzo fundi wa mabango hakukubali kwamba kuchora kwenye simu ni kuchora. Siku alipokubali kujaribu, alifanya lile ambalo mkono wake umelizoea miaka arobaini: aliweka rangi ya manjano, akaburuta buluu juu yake, akangoja kijani. Kikatoka kijivu. Akairudisha simu kwa uso wa mtu aliyepewa chenji pungufu. Muuguzi ndiye aliyetufafanulia. Rangi ya kopo hunyonya sehemu ya mwanga na kuturudishia iliyobaki, lakini rangi ya simu ni mwanga wenyewe. Kioo kimejaa nukta ndogo mno ziitwazo pikseli, na kila moja hutengenezwa kwa taa tatu, nyekundu, kijani na buluu. Nyekundu na kijani zikiwaka pamoja jicho huona manjano, jambo ambalo hakuna kopo la rangi litakalolifanya. Basi ukichanganya manjano na buluu, programu hufanya hesabu tu, ikachukua kiasi cha katikati, na katikati ya hizo mbili ni kijivu. Anayetaka kijani cha jani la mwembe huenda kukichagua kwenye duara la rangi. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mikono inachafukaje?"

Naam, nami nilicheka. Lakini swali lile si la mzaha kama linavyosikika. Fundi huyu alijifunza kwa rangi ya mafuta ya makopo, rangi ya namna ileile aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga kwenye vipande vya ubao alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Rangi ile ikikosewa hufutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na alama hubaki. Kwenye simu kuna kitufe cha kurudi nyuma. Ukikosea unabonyeza, na kosa linatoweka kama halikuwahi kuwako. Kijana wa bodaboda hukibonyeza mara nyingi kuliko anavyochora.

Jambo la pili lililotushangaza ni matabaka, ambayo vijana huyaita leya. Fikiri, msomaji, karatasi za nailoni zinazopenyeza mwanga, zimepangwa moja juu ya nyingine. Juu ya moja umechora mbingu, juu ya nyingine miti, juu ya ya tatu watu. Ukitazama kwa juu unaona picha moja, lakini waweza kuichomoa karatasi ya miti bila kuwagusa watu. Waweza pia kuliamuru tabaka la kivuli lizidishe giza la rangi zilizo chini yake badala ya kuzifunika, hata kivuli kikapita juu ya udongo, nguo na ngozi, na kila kimoja kikabaki na rangi yake iliyokolea. Sisi wa penseli tulikuwa tukihangaika kutwa nzima kupata kivuli cha namna hiyo. Simu, hata hivyo, ina mipaka. Kadiri turubai linavyokuwa kubwa ndivyo idadi ya matabaka inavyopungua, kwa sababu vyote vinagombea kumbukumbu ileile. Kijana alichagua upana wa pikseli 2,400 ili abaki na matabaka ya kutosha.

Picha aliyokusudia ilikuwa ya msafara ukiwasili Kaze, kama wageni walivyouita mji wetu karne ya kumi na tisa, baada ya miezi ya kutembea kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo na pori la Mgunda Mkali. Hatua za kwanza alizinakili kutoka michoro ya vitabu vya wasafiri wa Kizungu. Hapo nilikuwa na la kusema. James Grant, aliyefika hapa pamoja na Speke mwaka 1861, alikuwa mchoraji asiye wa kulipwa, kama sisi tu, tena mwenye jicho makini. Lakini kilichochapwa katika kitabu cha Speke mwaka 1863 si mkono wa Grant mtupu. Huko London michoro ile ilichorwa upya na watu wengine, ikachongwa kwenye mbao ili iweze kuchapwa, na waliochora upya na kuchonga hawakuwa wameuona mwembe wala tembe. Hivyo mtu anayenakili leo ananakili mkono wa tatu, na mara nyingi wapagazi katika michoro ya namna hiyo ni migongo tu iliyoinama. Nyuso wanazo wasafiri.

Basi tukaenda Kwihara kwa baiskeli, mahali alipokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi wa safari yake ya mwisho. Hatukwenda kwa ajili yake. Tulikwenda kutazama rangi ya ukuta wa tembe saa kumi jioni, paa lake bapa la udongo, na miembe ya njiani. Programu ina kidude cha kunyonya rangi kutoka kwenye fotografia, na kijana alipiga picha akanyonya. Binti wa sekondari akamwonyesha kwamba kamera ilikuwa imeufanya ukuta kuwa wa chungwa, ilhali ulikuwa na wekundu uliopauka, kama chungu kisichochomwa. Wakabishana huku ukuta wenyewe uko mbele yao. Huo nauona kuwa ubishi bora kabisa tulioupata mwaka ule.

Ubishi mwingine haukuwa wa rangi.

Jumamosi iliyofuata kijana alileta picha iliyokaribia kwisha. Mbele alikwenda kirangozi, kiongozi wa njia, amejifunga nguo nyekundu na manyoya kichwani. Nyuma yake walikuja wapagazi wenye pembe na marobota. Na nyuma ya hao, watu sita waliofungwa mnyororo shingoni, wanaume wanne na wanawake wawili. Simu ilipomfikia fundi wa mabango uso wake ulibadilika. Yeye ni Mnyamwezi, na babu wa babu yake alikwenda pwani mara nne. "Mnyamwezi hakufungwa," alisema. "Mnyamwezi alipanga bei."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Wanyamwezi walikuwa wakipeleka pembe pwani kabla Waarabu hawajajenga Kaze, na kazi ya upagazi ilikuwa heshima ya kijana. Aliyekwenda akarudi alihesabiwa kuwa mwanamume. Mzigo ulikaribia frasila mbili, yaani kama kilo 32, na malipo yalikuwa nguo ya merikani, shanga na waya wa shaba. Wakiona mkataba umevunjwa walitua mizigo wakaondoka, na wasafiri wa Kizungu wamejaza vitabu vyao manung'uniko kuhusu jambo hilo. Mabango na picha za watalii zimewafanya wote watumwa, na wajukuu wao wamechoka kuonewa huruma wasiyoihitaji.

Kijana hakubishana. Alifungua orodha ya matabaka, akagusa kijicho kidogo pembeni, na watu sita wakatoweka pamoja na mnyororo wao. Pakabaki udongo mwekundu na vumbi. "Nimewaweka kwenye leya yao peke yao, Mzee," alimwambia fundi. "Anayewataka nitawawasha, asiyewataka nitawazima."

Wakati ule Bibi alikuwa amesimama nyuma yetu na birika la chai. Yeye hachori, na kwa kawaida hasemi chochote kuhusu picha zetu isipokuwa kuuliza kama tutakula. Aliitazama simu kwa muda, akasema polepole, "Na hawa, mjukuu wangu, umewapeleka wapi?"

Hakuna aliyejibu. Akaweka birika chini, akaenda zake jikoni.

Hapa kwetu mtu haulizwi asili ya babu zake. Wako watu wengi Tabora ambao wazee wao waliletwa kutoka Manyema na mbele ya huko, wakabaki katika mashamba yaliyouzunguka mji, wakaoana na wenyeji, wakawa wenyeji. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922, na mama yake Bibi alikuwa amekwisha kuzaliwa. Sijamwuliza Bibi neno, wala sitamwuliza. Lakini alipoondoka, fundi aliinyosha mikono akaomba simu, akakitafuta kile kijicho mwenyewe kwa kidole chake kinene, akawawasha.

Kisha akaendelea kulalamika, safari hii kuhusu ufundi. Programu hizi zina brashi zilizo tayari, za majani, za mawingu, hata za mnyororo. Unavuta kidole mara moja na pete zinajipanga zenyewe. "Pete zote zimelingana," fundi alisema. "Mnyororo huu hauna uzito. Umepita kama uzi wa cherehani." Na ilikuwa kweli. Ulikwenda moja kwa moja kutoka shingo hadi shingo, kama mstari wa chini ya kichwa cha habari.

Kijana akaenda kwenye pikipiki yake, akafungua mnyororo anaoufungia gurudumu usiku. Tukaufunga kati ya matawi mawili ya mwembe, ukaning'inia. Tulikaa mpaka magharibi tukiuchora, kila mtu kwa chombo chake. Mnyororo ulio hewani hauwi mstari wala nusu duara. Huzama katikati kwa uzito wake, na pete huonekana moja kwa ubavu, moja kwa upande mwembamba, zikipishana. Karibu na vifundo pete zimevutwa, katikati zimelegea. Muuguzi akasema kwamba shingo inayobeba kitu kama hicho haiwezi kusimama wima, misuli ya mabegani hupanda, na akamwonyesha kijana kwenye bega lake mwenyewe. Kijana alifuta mnyororo wa brashi, akachora pete moja moja kwa ncha ya kidole, akikuza picha mpaka pete ikajaza kioo kizima. Ilimchukua majuma matatu. Katika majuma hayo alibadili pia wapagazi wa mbele: akawainua vichwa, akamgeuza mmoja atazame nyuma. Uso huo wa kutazama nyuma ulimshinda mara nyingi, na kuuhukumu mpaka leo kunanishinda mimi. Fundi anasema mtu yule anahesabu wenzake. Binti wa sekondari anasema anamtazama mmoja wa wale wanawake.

Tulikubaliana picha ichapwe. Ili ichapwe ilibidi matabaka yote yabanwe kuwa moja, na katika faili ile iliyobanwa hapana tena kijicho cha kuwasha wala kuzima. Kijana aliuliza mara mbili kama tuna hakika. Pikseli 2,400, ukitaka nukta 300 katika kila inchi, hazitoi zaidi ya sentimita 20, hivyo tulipata picha ya upana wa daftari. Wino wa karatasi hauwaki kama kioo. Kivuli kilitoka vizuri, ukuta wa tembe ulitoka vizuri sana, lakini nguo ya kirangozi ilififia ikawa rangi ya tofali.

Fundi hakuvumilia. Alileta kopo lake la rangi nyekundu, lililobaki robo, na brashi nyembamba kuliko zote alizo nazo, akaipaka nguo ile juu ya karatasi ilivyochapwa. Bibi alikuwa ameketi pembeni, maana picha ilikuwa itundikwe ukumbini kwake. Akamnyoshea kidole mwanamke wa pili katika wale waliofungwa, aliyekuwa na kitambaa kichwani, kijivu.

"Na huyu mtie nyekundu."

"Bibi, wakati ule mtu kama huyu asingekuwa na kitambaa chekundu."

"Wewe tia tu, baba."

Fundi alichovya brashi, akaikamua kwenye ukingo wa kopo, akatia. Ukipitisha kidole hapo, rangi imeinuka kidogo, unaisikia.