Neno "kisinema" na kosa langu

Nimehakiki filamu kwa miaka mingi, na neno "kisinema" nimelitumia vibaya muda wote huo. Nikiona droni inapaa juu ya minazi, sura imenoga huku nyuma kumefifishwa, rangi zimekolezwa, naandika kwamba picha ni za kisinema. Mtaani tukimwambia mtu aache sinema tunamaanisha aache maigizo, na hayo maigizo ndiyo niliyokuwa nayasifia. Kuna mwongozaji kijana aliyerekodi filamu fupi kwa simu yake. Nikaandika kwamba kazi yake haina usinema wowote. Nilimwonea.

Kilichonizindua ni filamu ya Borom Sarret, aliyoitengeneza Ousmane Sembène mjini Dakar mwaka 1963. Haina rangi, inachukua kama dakika 20, na sauti ziliingizwa baadaye. Mwendesha mkokoteni wa farasi anaingia Plateau, mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni hairuhusiwi. Polisi anamsimamisha. Katika kutoa karatasi zake, nishani yake inaanguka chini, na buti la polisi linatua juu yake. Hakuna anayetueleza tuione vipi. Tunaona mkono, nishani, buti, kwa mpangilio huo na kwa ukaribu huo, na tumeshaelewa uhuru wa Senegal ulimfikia nani na ulimruka nani. Sembène alikuwa mwandishi wa riwaya aliyeingia kwenye filamu ili awafikie wasioweza kusoma vitabu vyake. Alijua nini cha kuiachia picha.

Usinema uko hapo: kuchagua kipi kionekane, kwa muda gani, na kifuatiwe na nini; kipi kisikike tu bila kuonekana. Bei ya kamera haihusiki.

Nikairudia filamu ya yule kijana. Mama amekaa ndani, anamsubiri mwanawe. Kamera haiondoki kwenye mkono wake ulioshika kikombe. Nje pikipiki inasikika ikija, inakaribia, vidole vinakaza. Inapita, inapotelea mbali, vidole vinalegea. Mlango hatuonyeshwi kabisa. Pale mimi niliandika kwamba filamu inachosha.

Nilishamwomba radhi kwa simu, akanipokea kwa upole kuliko nilivyostahili. Ila maneno yangu yalichapishwa, yakasomwa na watu waliokuwa wakifikiria kumdhamini kwa filamu ya pili, wakaghairi. Kwa hiyo radhi hii nayo naiomba kwa maandishi.