Kutoka Sumbawanga hadi Kasanga: suluhu ya Doha na fungu la dada

Tuliondoka Sumbawanga baada ya swala ya Alfajiri, watu watatu wa kamati ya msikiti, tukiwa tumejifunika makoti kwa baridi ya Ufipa. Tulikuwa tunakwenda Kasanga, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwendo wa zaidi ya kilomita mia moja. Mzee mmoja wa huko alikuwa ametupigia simu mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Alituomba tukakae na vijana wawili wa marehemu kaka yake, ndugu wa baba na mama mmoja, ambao walikuwa hawasalimiani tena kwa sababu ya mtumbwi na injini alivyoviacha baba yao.

Ndugu msomaji, Waislamu wa Ufipa ni wachache. Majirani zetu wengi ni Wakatoliki, na tunaishi nao kwa wema. Kamati yetu haina askari, haina mahakama, na mfuko wake ni wa sadaka za Ijumaa. Hatukuwa na uwezo wa kumlazimisha yeyote. Tulichokuwa nacho ni jambo moja tu: vijana wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walikuwa wamekubali tufike.

Wazee wa hapa hulitafsiri jina la Sumbawanga kuwa ni "tupa uchawi". Yaani anayeingia katika mji huu auache nje ubaya aliokuja nao. Sisi tuliosoma kwamba uchawi ni katika madhambi makubwa hatuna shida na jina hilo. Tunaona ni uungwana kwa mji kumwambia mgeni wake, kabla hajakaribishwa maji, kwamba kuna kitu anapaswa kukiweka chini.

Uwanda wa juu

Milima ya Mbizi tuliiacha nyuma ikiwa bado na ukungu. Pande zote mbili za barabara kulikuwa na mashamba ya mahindi, maharage na ulezi, na hapa na pale yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa wamelima kwayo tangu zamani, wakizika majani ndani yake yaoze na kuirutubisha ardhi. Ni nchi ya watu wa jembe. Wasafiri wa Kizungu waliopita huku katika karne ya 19 waliwasifu wenyeji kwa utulivu wao na bidii yao ya kilimo.

Utulivu huo una masimulizi yake. Inasimuliwa kwamba Milansi ilikuwa na mtawala wa kale. Siku moja, yeye akiwa mawindoni, waliingia wanawake watatu wageni, wa ukoo wa Watwa, wakakikalia kigoda chake. Aliporudi hakumwaga damu. Yalifanyika mapatano: wageni wakachukua utawala wa nchi, naye akabaki na eneo lake dogo pamoja na heshima ya kwanza katika mambo ya mila. Baadaye Watwa wenyewe waligawanyika, Nkansi huku na Lyangalile kule, wakapigana, kisha wakaacha kupigana. Mambo ya mila yana wenyewe, wala si yetu. Lakini mtu mwenye eneo dogo na asiye na jeshi, ambaye bado wakubwa wanamheshimu, ni habari inayofaa kuzingatiwa na kila mwenye kutaka kupatanisha.

Nchi ndogo, mlango mpana

Tulipoipita Matai redio ya gari ilikuwa inataja tena Doha na Kongo. Mwenzetu mmoja aliuliza swali ambalo bila shaka wengi wenu mmejiuliza: kwa nini vita vya Kivu, vilivyo jirani na ziwa letu, vinazungumzwa katika mji ulio pwani ya Ghuba?

Qatar ni rasi ya takriban kilomita za mraba 11,500, yaani karibu nusu ya mkoa wetu wa Rukwa. Wakazi wake ni kama milioni tatu, na wengi wao ni wageni waliofuata kazi, wakiwemo ndugu zetu wa Afrika Mashariki. Imekaa kati ya Saudia na Iran, nchi mbili kubwa zisizoaminiana, na gesi inayoitajirisha inatoka katika hazina ya chini ya bahari ambayo inaichangia na Iran hiyohiyo. Nchi ya namna hiyo haiwezi kujilinda kwa wingi wa askari. Imechagua kujilinda kwa kuhitajika. Ibara ya 7 ya katiba yake inaijenga siasa ya nje juu ya kuimarisha amani kwa kuhimiza migogoro itatuliwe kwa njia ya salama.

Mei 2008 makundi ya Lebanon yaliyokuwa yamefikia kupigana barabarani yalipatana Doha. Mwaka 2011 ukatiwa saini huko waraka wa amani ya Darfur. Februari 29, 2020 Marekani na Taliban walitia saini makubaliano yao katika mji huo. Mei 2021 Kenya na Somalia zilirejesha uhusiano uliokuwa umekatika, na Qatar ndiyo iliyokuwa kati yao. Kuhusu Gaza, imesimama pamoja na Misri na Marekani katika kutafuta usitishaji wa vita wa Novemba 2023 na ule wa Januari 2025.

Usuluhishi huo unakwenda pamoja na msaada. Oktoba 2012 Amir wa wakati huo, Sheikh Hamad bin Khalifa Al Thani, alifika Gaza mwenyewe na kutangaza dola milioni 400 za ujenzi. Anayepeleka nyumba na dawa mahali hupata kusikilizwa mahali hapo, na hilo Waqatari wanalifahamu vizuri. Hatusemi kwamba yote hayo ni kwa ajili ya thawabu, nia anaijua Allah (s.w.), na dola zina maslahi yake. Nchi hiyohiyo inayowakaribisha viongozi wa Hamas ina kambi kubwa ya kijeshi ya Marekani. Wapo wanaouona huo kuwa unafiki, na wapo wanaosema kwamba mlango usioingiwa na pande zote mbili si mlango wa suluhu.

Mlango huo una gharama. Juni 2017 Saudia, Imarati, Bahrain na Misri ziliifungia Qatar mipaka na anga, na kizuizi hicho kilidumu hadi Januari 2021. Septemba 9, 2025 Israeli iliishambulia Doha kwa makombora, ikiwalenga viongozi wa Hamas waliokuwa katika shughuli za mazungumzo. Msuluhishi hupigwa mawe akiwa katikati, na anayeogopa mawe abaki nyumbani.

Kuhusu Kongo, Machi 18, 2025 Marais Félix Tshisekedi na Paul Kagame walikutana Doha mbele ya Amir Sheikh Tamim bin Hamad. Julai 19 serikali ya Kongo na kundi la M23 walitia saini tamko la misingi, na Novemba 15 wakatia saini mfumo wa makubaliano ya amani. Marekani nayo ilizikutanisha Kongo na Rwanda, na Disemba 4 marais hao wawili walitia saini Washington. Siku chache baadaye M23 waliingia Uvira, mji ulio kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa hili. Tunaisema habari hii kwa uchungu, kwa sababu nayo ilikuwa ikitusubiri Kasanga.

Nasi tuliwahi

Kabla hatujashuka ziwani, tukumbushane jambo ambalo vijana wetu hawalisikii sana. Kuhusu majirani zetu, nchi yetu wenyewe, tena ikiwa masikini isiyo na gesi ya kuuza, iliwahi kuifanya kazi hii. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipewa ardhi ya kulima Katumba na Mishamo, ambako kulikuja kuwa mkoa huu wa Rukwa hadi Katavi ilipogawanywa mwaka 2012. Miaka 40 na kitu baadaye, zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo walipewa uraia wa Tanzania. Mwalimu Nyerere aliwakalisha Warundi mezani hadi mauti yalipomfika Oktoba 1999. Mzee Mandela akaipokea kazi, na makubaliano yakasainiwa Arusha Agosti 28, 2000. Hata baada ya saini hiyo mapigano yaliendelea kwa miaka, na subira ikaendelea nayo. Mei 2015 meli ya Liemba, iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa inawabeba Warundi kutoka Kagunga kuwapeleka Kigoma. Na Machi 2023, kimbunga Freddy kilipoivuruga Malawi, Tanzania ilipeleka tani 1,000 za unga wa mahindi na mablanketi 6,000. Sisi tunaolima mahindi tunajua tani moja ya unga ina jasho kiasi gani.

Kasanga

Kutoka uwandani hadi ziwani barabara inateremka karibu mita elfu moja. Makoti tuliyavua njiani. Kasanga ilitupokea kwa joto, harufu ya dagaa waliokuwa wakianikwa, na magofu ya ngome ya Wajerumani, waliokuwa wakipaita Bismarckburg. Ng'ambo ni Kongo, na kusini ni Zambia. Watu wa hapa huoana, huuziana na huzikana na wa ng'ambo bila kuhesabu mipaka.

Tulikaa barazani kwa mzee baada ya Adhuhuri. Mkubwa alitaka mtumbwi uuzwe wagawane fedha. Mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akivua na baba, alisema mtumbwi ukiuzwa atakula nini. Kila mmoja aliongea akimtazama mzee, hakumtazama mwenzake.

Tukawauliza: "Marehemu aliacha warithi wangapi?"

"Sisi wawili," alijibu mkubwa.

Mzee akainamisha kichwa. "Na dada yenu?"

Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini alitupigia simu mara tatu. Dada yao aliolewa Uvira miaka mingi. Tangu Disemba simu yake haipatikani. Hawajui kama amekimbilia Burundi, yuko nyumbani, au wamrehemu. Kaka zake, kila mmoja kwa hofu yake, walikuwa wameanza kuhesabu urithi bila yeye.

Mama yao alitangulia mbele ya haki kabla ya baba, kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi: mafungu matano, mawili kwa kila mwanamume na moja kwa dada. Kilichokuwa kizito ni kulitamka fungu lake mbele yao, kwa sababu kulitamka ni kukiri kwamba bado tunamhesabu hai, na kwamba mirathi hii haiwezi kuisha kabla ya habari yake kufika.

Maalim tuliyefuatana naye hakuwahutubia. Aliwakumbusha kisa wanachokijua tangu madrasa, cha Makuraishi walipokaribia kumwagana damu juu ya nani aliweke Jiwe Jeusi mahali pake. Walikubaliana awaamue atakayekuwa wa kwanza kuingia mlangoni, akaingia Muhammad (s.a.w.), kabla ya utume, naye walimwamini. Alitandika shuka, akaliweka jiwe katikati, akaamuru kila ukoo ushike upande wake wanyanyue pamoja.

"Nani atashika upande wa dada yetu?" mdogo aliuliza. Lilikuwa neno la kwanza kumwelekea kaka yake.

Ilipofika Alasiri walikuwa wamepatana hivi. Mtumbwi hautauzwa. Mdogo atavua, mkubwa atasimamia mauzo ya dagaa na migebuka, na hesabu itaandikwa kila wiki mbele ya mzee. Kila linalopatikana, baada ya gharama na ujira wa wavuvi, litagawanywa mafungu matano, na la tano litawekwa kwa mzee hadi dada apatikane, au ijulikane habari yake kwa yakini. Tuliandika nakala tatu, wakatia saini. Nakala ya nne, ya dada, mzee aliitia katika bahasha na kuiweka pamoja na msahafu wake.

Hatukumaliza ugomvi huo. Tuliuwekea mahali pa kukaa. Huenda mwezi ujao tukaitwa tena, na tutakwenda. Katika Sura ya Al-Hujurat tunafundishwa kwamba waumini ni ndugu na kwamba tupatanishe baina ya ndugu zetu, na hatukuambiwa tupatanishe mara moja tu. Vivyo hivyo tusiwacheke wanaokaa Doha wakasaini leo na kesho risasi zikalia. Fungu la tano la mtumbwi wa Kasanga linawasubiri wao. Simu ya Uvira ikipokelewa, itakuwa ni kwa rehema ya Allah, kisha kwa sababu kuna watu hawakuchoka kukaa katikati.

Tuliagwa baada ya Maghrib. Mkubwa alitusindikiza hadi garini na dagaa wakavu katika mfuko, mdogo akiwa ameshika tochi. Tulipofika juu, kwenye baridi, mwenzetu wa nyuma alivaa koti lake, akasoma dua kwa ajili ya dada huyo tusiyemjua sura, nasi tukaitikia. Nawe msomaji, ukifika hapa, itikia pamoja nasi: Aamin.