Saa Moja Nyuma

Nianze kwa kuungama: kwa miaka miwili hapa chuoni nimekuwa Mhaya. Siyo Mhaya wa kuzaliwa. Mhaya wa kupachikwa, na aliyenipachika ni mimi mwenyewe.

Ilianza wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, kwenye foleni ya usajili. Jamaa aliyekuwa mbele yangu aliniuliza kwetu wapi, nikamwambia Ngara. Akawageukia wenzake akicheka: "Oya, hapa tuna Mrundi." Hakuwa na ubaya, nadhani. Lakini wiki nzima nikawa naitwa Mrundi, mara Mkimbizi, na mmoja akaniuliza kama kibali changu cha kuishi nchini hakijaisha. Kwa hiyo siku chache baadaye, binti mmoja wa Tanga niliyekaa naye benchi moja kwenye saikolojia ya elimu aliponiuliza swali lile lile, nikajibu, "Bukoba." Nikajiambia siyo uongo kabisa, mkoa ni mmoja. Akafurahi. "Aaa, nshomile! Ndiyo maana unajidai." Basi, kuanzia hapo nikawa Mhaya wake.

Wengi wenu mnatujua, maana Jumamosi hatukai hosteli. Bumu likiingia tunakwenda Coco Beach kula mihogo yenye pilipili na kuangalia watu wenye magari. Likianza kukauka tunapanda pantoni ya Kigamboni kwa mia mbili, tunavuka, tunakaa upande wa pili, tunarudi. Likikauka kabisa tunazunguka chuo kwa miguu na kusema tumetoka. Katika matembezi yote hayo nilikuwa naulizwa habari za Bukoba: senene wanakaangwaje, ziwa likoje asubuhi, kwa nini Wahaya mnapenda Kiingereza. Nilijibu. Bukoba nilikuwa nimefika mara mbili, zote kwa mambo ya shule.

Halafu likaja TP. Mimi niliomba wilaya ya Ngara ili nilale nyumbani Ntobeye, niokoe hela ya chumba. Yeye, bila kuniambia, akaomba Kagera ili tuwe karibu na ili nimwonyeshe kwetu. Akapangiwa Biharamulo. Alinipigia simu anapiga kelele za furaha, mimi jasho linanitoka. Nikamwambia na mimi nimetupwa huko huko, Ngara, na kwamba nimefikia kwa ndugu. Ndugu wenyewe ni baba na mama yangu.

Tukapanga kila Jumamosi tukutane. Kwa asiyejua ramani ya huku: ukitoka Biharamulo unakwenda hadi Lusahunga, unakamata barabara kuu ya malori ya Rwanda na Burundi, unapita Nyakahura, unafika Benaco. Mimi natokea upande wa Ngara. Kwa hiyo Benaco ikawa ndiyo Coco Beach yetu. Jumamosi ya kwanza tulikula chipsi mayai tukihesabu malori. Njia nzima aliyopita ina pori upande huu na huu, na sehemu ya pori hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ile iliyotangazwa mwaka 2019, kilomita za mraba 4,707. Alikuwa amebandika uso dirishani akitafuta twiga, akaona ng'ombe. Nilitaka kumwambia kwamba zamani mabasi hapo yalisubiriana na kusindikizwa na askari wenye bunduki kwa sababu ya majambazi, na kwamba baba yangu alishawahi kulala chini ya kiti cha basi. Nikaishia kusema, "Nasikia zamani palikuwa na majambazi."

Nasikia. Neno hilo ndilo lililonichosha.

Jumamosi ya pili nilimfuata Biharamulo, akanipeleka kwenye Boma la Wajerumani. Sina mengi ya kusema kuhusu siku hiyo zaidi ya kwamba kuta zake ni nene, upepo ni mzuri, na nilikuwa na amani kwa sababu wote wawili tulikuwa wageni.

Jumamosi ya tatu akasema anataka maporomoko ya Rusumo.

Kama hujafika, Rusumo ni hivi. Mto Ruvubu unatoka Burundi, unakutana na ule unaotoka Rwanda, na mbele kidogo maji yote yanajibana kati ya mawe na kuanguka. Juu yake kuna daraja, na daraja ndilo mpaka. Jirani kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana sawa kwa sawa. Malori yanatoka kwetu yakiwa kushoto mwa barabara, yakiingia Rwanda yanahamia kulia. Mwenzangu alicheka sana kuhusu hilo. "Ukisinzia kidogo tu umekwenda mzobemzobe!"

Tulitafuta mahali pa kukaa pasipo na vurugu za mpakani. Akaniambia, "Haya mwalimu, nifundishe." Yeye anasomea Kiswahili na Jiografia, mimi Historia na Kiingereza, kwa hiyo nikajimwaga. Nikamweleza Mjerumani Götzen alivyopita hapa mwaka 1894 kuingia Rwanda. Nikamweleza mwaka 1994, mwisho wa Aprili, watu kama robo milioni walivyovuka mpaka huu ndani ya saa 24, na jinsi Benaco, pale tulipokula chipsi, palivyogeuka kuwa moja ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Benaco lenyewe ni jina la kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa inajenga barabara. Nikamweleza na kuhusu miili iliyobebwa na mto huu hadi Ziwa Victoria. Alinyamaza muda mrefu akitazama maji.

"Unajua sana," akasema.

Nilijua kwa sababu baba yangu alikuwepo. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alipata kibarua cha kushusha magunia ya chakula kambini, na mpaka leo akisikia watu wengi wanatembea pamoja usiku, hata kama ni msiba, anatoka nje kuangalia. Habari hii nimekua nayo. Lakini pale kwenye jiwe nilikuwa Mhaya wa Bukoba aliyesoma vitabu, kwa hiyo baba yangu sikumtaja. Nilihisi kama nimemkana.

Konda wa Hiace alikuwa ametuambia gari la mwisho la kurudi Benaco ni saa kumi na mbili jioni. Pale Benaco yeye angepata la Biharamulo. Nilitazama simu: saa kumi na nusu. Akatazama yake: saa kumi na nusu. Jua lilikuwa juu bado. Tukaendelea kupiga picha.

Tatizo ni kwamba simu zote mbili zilikuwa zimeshika mtandao wa ng'ambo, na Rwanda wako nyuma yetu saa moja. Na jua la huku si la Tanga wala la Dar. Sisi tuko mwisho wa magharibi wa nchi, lakini tunatumia saa ile ile ya Pwani, kwa hiyo mwezi wa saba jua linazama karibu saa moja, Dar wakiwa tayari gizani. Mtoto wa Ngara anajua hayo yote. Simu za nyumbani kwetu zinahama nchi kila siku, kijana mdogo tu anajua kuuliza, "Hiyo ni saa ya wapi?" Mimi nilijisahau. Tulifika kituoni simu zikisema saa kumi na moja na dakika tano. Muuza karanga akatuambia gari limeondoka zamani.

Tulipata gari dogo lililotufikisha Benaco giza limeshaingia. La Biharamulo hakuna. Mfukoni nina elfu kumi na nane, yeye ana elfu sita. Gesti haikuwa jambo la kuzungumza, kwa hela wala kwa heshima. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, "Twende kwa ndugu zako."

Tukachukua bodaboda, mshikaki. Mimi katikati, yeye nyuma amenishika kiuno, baridi ya milima inapita kwenye masikio. Nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nimefika kwenye "kuna kitu nataka kukwambia" pale tochi ilipotumulika.

Kizuizi. "Shukeni. Vitambulisho."

Mimi natembea na vitatu: cha Taifa, cha mpiga kura na cha chuo. Mama ndiye anayenisisitiza, na huku kila mama anasisitiza hivyo. Mwenzangu akapapasa pochi, akakumbuka chake ameacha Biharamulo mezani. Askari akamuuliza kwao wapi.

"Tanga."

"Sawa dada, kaa pembeni." Tochi ikaja kwangu. Akaviangalia vyote vitatu mbele na nyuma. "Na wewe kwenu wapi?"

Nilimwona kwa pembe ya jicho, amesimama karibu na pikipiki amejikunyata.

"Ntobeye."

"Ntobeye ipi?"

"Hii hii, afande. Ya Ngara."

"Baba yako anaitwa nani? Babu yako? Alizaliwa wapi? Amekufa amezikwa wapi? Shule ya msingi umesoma wapi, mwalimu mkuu nani? Mwenyekiti wa kijiji?"

Nikajibu yote, moja baada ya jingine, kama mtoto anayeimba jedwali la kuzidisha. Nilishajibu maswali hayo mara nyingi maishani, ila sijawahi kuyajibu mbele ya mtu niliyemdanganya. Ilichukua kama dakika ishirini. Mwisho akanirudishia kadi zangu akasema, "Si unajua mambo ya mpakani, mdogo wangu." Ninajua. Mwenye kadi tatu alihojiwa, asiye na hata moja akaambiwa akae pembeni apumzike. Dereva wa boda, Mhangaza mwenzangu, alikuwa anachezea kioo cha pikipiki yake kana kwamba hasikii.

Tulipopanda tena, mwenzangu hakunishika kiuno. Alishika chuma cha nyuma ya pikipiki, njia nzima, pamoja na makorongo yote yale.

Tulifika nyumbani saa nne usiku. Mama akafungua mlango na taa mkononi. Alinitazama, akamtazama, akaniuliza kwa Kihangaza huyu ni nani, nikamjibu kwa Kihangaza. Mwenzangu akapiga goti kidogo, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmetoka mbali na baridi hii? Ingia, ingia." Kwangu hakusema kitu, jambo ambalo mnaomjua mama wa aina hiyo mnaelewa lina maana gani. Akapasha ndizi na maharage. Mgeni akala, akalazwa na mdogo wangu wa kike. Baba hakuamka, au alijifanya hajaamka.

Asubuhi nilimkuta jikoni anasugua masufuria kwa majivu, mdogo wangu anamfundisha kusalimia kwa Kihangaza na kumcheka. Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani: foleni ya usajili, Mrundi, Mkimbizi, kibali. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Yule askari alikuuliza mara moja, ukamtajia mpaka babu alipozikwa. Mimi nimekuuliza miaka miwili."

Gari likaja, akapanda.

Wiki hiyo niliandika maandalio ya somo yasiyoeleweka. Mwalimu wangu wa usimamizi alinikuta Jumatano nafundisha Kidato cha Pili kitu walichokwisha kufundishwa Jumatatu, na mimi ndiye niliyewafundisha. Meseji zangu zilisomwa, hazikujibiwa. Nilifikiria kumwambia kwamba hata yeye, siku ya kwanza, alifurahi mno niliposema Bukoba, na kwamba sina hakika angefurahi hivyo hivyo ningesema Ntobeye. Bado sina hakika. Sikumwandikia.

Ijumaa usiku simu ikalia. "Kesho nakuja. Lakini Rusumo sijaiona. Nataka nikaione na baba yako."

Baba alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Alivaa koti lake la kanisani. Tulipofika hakutupeleka kwenye jiwe letu la picha. Alisimama kando ya barabara, akaonyesha kwa fimbo: hapa walikaa, pale palikuwa na lundo la mapanga waliyoambiwa wayaache, kule alimwona mwanamke amebeba godoro tu, bila mtoto, anauliza kila mtu. Mambo mengine sikuwahi kuyasikia hata mimi. Mwenzangu alikuwa anauliza, baba anajibu, mimi natafsiri pale Kiswahili cha baba kinapomwishia. Mara moja alimshika mkono kumvusha barabara, akamwambia, "Angalia, mwanangu, hapa magari yanachanganya pande."

Nilitoa simu nitazame saa. Baba akaisukuma chini na mkono wake. Akakunja mkono wa koti, akatazama saa yake ya mkononi, ile ya kutia funguo, akasema, "Twendeni. Gari la mwisho linaondoka."