Gurudumu Lililoua

Kwa karne nyingi Waingereza waliihukumu mikokoteni. Gurudumu likimkanyaga mtu akafa, au farasi akimpiga teke la mauti, jopo la wenyeji lilikaa kukitia bei kilichoua. Kitu hicho kiliitwa deodandi, yaani cha kupewa Mungu kwa Kilatini. Mwenye mali alikitoa, au alilipa thamani yake, eti iwe sadaka kwa roho ya marehemu. Aghalabu fedha iliishia kwa mfalme. Mjane hakupata kitu kwa haki.

Mume naye hakuwa na afadhali. Mwaka 1808 bwana mmoja, Baker, alimshtaki mwenye gari la farasi lililopinduka, mkewe akaumia na kufariki kama mwezi mmoja baadaye. Jaji Ellenborough alisema alipwe kwa kumkosa mwenzake hadi pale alipokata roho, basi. Kuanzia hapo sheria haikuona hasara. Hukumu yenyewe ni fupi mno, na ufupi huo ndio unaoniudhi.

Kisha ikaja reli. Tarehe 24 Desemba 1841, huko Sonning karibu na Reading, garimoshi lilivamia udongo ulioporomoka. Katika mabehewa ya wazi ya walalahoi walikuwamo waashi wa Bunge jipya la London, wakienda makwao kwa Krismasi. Wanane walifia papo hapo. Jopo likatoza deodandi ya pauni 1,000, na wenye reli wakashtuka. Mwaka 1846 Bunge likaifuta deodandi, na mwaka huohuo likawapa mjane, watoto na wazazi haki ya kudai fidia.

Sheria ya ajali za vifo ya Kenya imezaliwa humo. Mahakama huchukua kipato cha marehemu, sehemu iliyowafikia wategemezi, ikazidisha kwa miaka ambayo angefanya kazi. Siibezi hesabu hiyo. Karo hailipwi kwa machozi.

Ila nenda matangani baada ya ajali ya barabarani. Pole zikiisha, mtu atauliza: gari liko wapi? Liko kituo cha polisi, kioo kimepasuka, kiatu kimoja bado kiko chini ya kiti. Likishakaguliwa, mwenyewe hulichukua, hunyoosha bodi, hupiga rangi, na abiria hupanda wasijue lolote. Waingereza wale, pamoja na upuuzi wao wote wa kuhukumu mkokoteni, hawakuurudisha barabarani kimyakimya hivyo. Mwenyewe aliukomboa kwanza, kwa bei iliyotajwa na majirani wa marehemu.